Kibodi moja, kompyuta mbili: kutafuta kosa kishale kinapogoma kuvuka

Unasukuma kipanya kulia, kishale kinafika ukingoni mwa skrini, kinagota. Jana kilikuwa kinavuka hadi kompyuta ya pili bila neno. Leo kimegoma, na wazo la kwanza linalokujia ni kufuta programu inayoziwezesha kompyuta mbili kutumia kibodi na kipanya kimoja, na kuisakinisha upya. Acha kwanza. Ukifanya hivyo unapoteza logi (kumbukumbu ya yale programu iliyofanya) na mpangilio wa skrini, halafu kishale kinagota palepale, kwa sababu mara nyingi kosa halikuwa ndani ya programu. Lilikuwa kwenye ngome ("firewall", kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao), au kwenye anwani ya mtandao iliyobadilika usiku, au kwenye kitufe ulichokigusa bila kujua.

Hilo la kitufe nimelilipia. Niliwahi kukesha nikikagua ruta, kebo na ngome za kompyuta zote mbili, kumbe jioni ile nilipokuwa nafuta vumbi kwenye kibodi nilibonyeza Scroll Lock. Katika Synergy na ndugu zake (Barrier, Input Leap, Deskflow), kitufe hicho kina kazi yake: hufungia kishale kwenye skrini kilipo. Ukikibonyeza tena, kishale huachiliwa. Kwa hiyo kabla ya kusoma zaidi, bonyeza Scroll Lock mara moja ujaribu kuvuka. Ikiwa imekubali, kazi yako imeisha.

Haijakubali? Basi tuifuate safari yenyewe. Herufi unayobonyeza hutoka kwenye kidole, ikapokelewa na kompyuta iliyochomekwa kibodi, ikasafiri kwenye mtandao, ikapokelewa na programu upande wa pili, kisha mfumo wa kompyuta hiyo ukaamua kuikubali au kuikataa. Kazi yetu ni kujua imepotelea kituo gani. Kagua kituo kimoja kimoja, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukigusa vitatu kwa mpigo, hata ukifanikiwa hutajua dawa ilikuwa ipi.

Mwenyeji na mgeni

Nitaita kompyuta iliyochomekwa kibodi na kipanya mwenyeji; kwenye programu huandikwa "server". Ile inayotawaliwa kwa mbali ni mgeni, yaani "client". Watu wengi hukosea hapa tangu mwanzo kwa kudhani kompyuta kubwa au yenye nguvu ndiyo iwe mwenyeji. Ukubwa hauhusiki. Palipo na kibodi ndipo penye mwenyeji.

Jambo la pili la kushika: mgeni ndiye anayebisha hodi. Mwenyeji hukaa ndani akisubiri kwenye mlango wenye namba, na katika familia ya Synergy namba hiyo ni 24800 ya TCP. Kwa hiyo ngome inayohitaji kufunguliwa ni ya mwenyeji. Nimeona watu wakihangaika kufungua ngome ya mgeni kutwa nzima, na mlango wa mwenyeji bado umefungwa kwa kufuli.

Kagua pia kwamba pande zote zina programu ileile, na ikiwezekana toleo lilelile. Barrier ilichipuka kutoka Synergy 1.9, lakini haiendelezwi tena. Walioisimamia walihamia Input Leap. Kama bado unaitumia na kila sasisho la mfumo linakuletea kero mpya, hamia Input Leap au Deskflow kwenye kompyuta zote mbili. Kuacha moja na ya zamani na nyingine na mpya ni kujitafutia maradhi yasiyoeleweka.

Hatua ya 1: hakikisha zinaonana

Tafuta anwani ya IP ya mwenyeji, yaani namba inayoitambulisha kompyuta hiyo kwenye mtandao. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig`. Kwenye Linux andika `ip a`. Kwenye Mac angalia mipangilio ya mtandao. Usiiamini anwani iliyoonyeshwa na programu yenyewe bila kuihakiki, maana kompyuta ya siku hizi huwa na anwani nyingi. Ukiwa na VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya ile halisi), kwa mfano, utakuta 192.168.56.1, ambayo ni ya mtandao wa kufikirika ulio ndani ya kompyuta hiyo peke yake. Mgeni akipewa anwani hiyo atabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo. Unayoitaka ni ile ya kadi ya Waifai au ya kebo, na aghalabu huanza kwa tarakimu zilezile za anwani ya mgeni: mwenyeji akiwa 192.168.1.20, mgeni naye awe 192.168.1.kitu fulani.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, kompyuta hiyo haijapewa anwani na ruta. Shughulika na hilo kwanza; mengine yasubiri.

Kisha, ukiwa kwenye mgeni, andika amri ya ping, inayoiita kompyuta nyingine na kusubiri ijibu:

`ping 192.168.1.20`

Jibu likirudi, vizuri. Lisiporudi, usikate tamaa bado, kwa sababu ngome ya Windows inaweza kunyamazia ping na bado mlango wa 24800 ukawa wazi. Lakini kama ping imekufa na hatua inayofuata nayo imekufa, washukiwa ni hawa: kompyuta moja iko kwenye Waifai ya wageni (ile wanayotengewa watu wanaokutembelea) na nyingine kwenye ya kawaida, ruta imewashwa kipengele cha kutenga vifaa ili visionane (Waifai za wageni karibu zote hufanya hivyo), au VPN ya kazini (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye mtandao wa kazini) imewashwa na inazuia mtandao wa ndani. Hii ya VPN ni hodari wa kujificha, kwani intaneti inafanya kazi barabara na hakuna anayeishuku. Izime kwa dakika mbili ujaribu.

Kama mambo yalikuwa sawa jana na leo hayapo, linganisha anwani ya leo na ile uliyoiandika kwenye programu ya mgeni. Ruta hugawa anwani kwa muda, na kompyuta ikizimwa ikawashwa inaweza kupewa nyingine. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kumtengea mwenyeji anwani yake moja isiyobadilika.

Hatua ya 2: bisha hodi mwenyewe

Hapa ndipo penye kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na watu wengi hukiruka. Ukiwa kwenye mgeni wa Windows, fungua PowerShell:

`Test-NetConnection -ComputerName 192.168.1.20 -Port 24800`

Kwenye Mac au Linux:

`nc -vz 192.168.1.20 24800`

Majibu ni ya aina tatu. Likiwa limefaulu, kwenye PowerShell utaona `TcpTestSucceeded : True`, mtandao na ngome havina kosa tena, nenda hatua ya 3. Ukiwa na `nc` na likarudi papo hapo neno la kukataliwa, "Connection refused", maana yake umefika kwenye nyumba sahihi lakini hakuna anayesikiliza mlangoni: programu ya mwenyeji haijawashwa, imewashwa kama mgeni, au imeanguka kimyakimya. Likikaa kimya mpaka muda ukaisha, ama anwani si yake ama ngome inatupa hodi yako njiani bila kumwambia mtu.

Tofauti ya kukataliwa na kimya inakuokolea saa nzima. Ukikataliwa, achana na ngome kwanza, nenda ukaone kama programu inasikiliza. Kwenye mwenyeji wa Windows:

`netstat -ano | findstr 24800`

Kwenye Linux:

`ss -ltnp | grep 24800`

Kusipotokea mstari wenye LISTENING au LISTEN, programu haijaanza kazi. Anzisha, kisha soma logi yake.

Ukikutana na kimya kwenye Windows, angalia aina ya mtandao. Windows huuweka mtandao katika kundi la "Public" au "Private", na ukiwa kwenye Public huwa kali. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua Private kwa mtandao wa nyumbani au ofisini unaouamini, kisha hakikisha programu imeruhusiwa kwenye orodha ya ngome. Dirisha lile la ngome lililojitokeza siku ya kwanza, ambalo wengi tunalifunga kwa haraka, ndilo lililoweka katazo; lifute kwenye orodha au libadilishe liwe ruhusa. Mimi sikushauri kuzima ngome nzima na kuiacha hivyo. Zima kwa dakika moja kama kipimo, ukithibitisha kwamba ndiyo mkosaji, iwashe, fungua mlango mmoja tu.

Na kwa vyovyote vile usiufungue mlango wa 24800 kwenye ruta kuelekea intaneti. Huo ni mlango wa ndani. Kila unachoandika kinapita hapo, nywila zikiwemo.

Hatua ya 3: majina na ramani ya skrini

Mgeni amefika mlangoni, ngome imempisha, na bado anarudishwa. Soma logi ya mwenyeji. Ukiona inalalamika kuhusu jina la mgeni asiyetambulika, tatizo ni jina la skrini. Mwenyeji ana orodha ya majina, na mgeni hujitambulisha kwa jina lake, yasipolingana, hakaribishwi. Mac ndizo zinazonishangaza zaidi hapa: zikihisi kuna jina linalogongana kwenye mtandao, hujiongezea namba zenyewe, na kompyuta uliyoiacha jana na jina moja leo inajiita kwa jina hilohilo na 2 mwishoni. Andika jina kwa mkono kwenye mipangilio ya programu, fupi, herufi ndogo, bila nafasi, kisha nakili lilelile kwenye ramani ya mwenyeji.

Kuna dalili nyingine ya ramani: kishale kinakwenda upande wa pili lakini hakirudi. Ukipanga skrini kwa kuburuta vibweta, programu huandika njia za kwenda na kurudi yenyewe. Lakini ukiandika faili la mipangilio kwa mkono, kila njia lazima uitaje:

```
section: links
  meza:
    right = mpakato
  mpakato:
    left = meza
end
```

Futa ile `left = meza` na kishale kitavuka kwenda kwa mpakato kisirudi tena. Kusema kulia kwa meza kuna mpakato hakumaanishi, kwa programu, kwamba kushoto kwa mpakato kuna meza.

Kama mwenyeji ana skrini mbili zake mwenyewe, kishale huvuka kwenda kwa mgeni kwenye ukingo wa nje kabisa wa zote mbili zikiunganishwa. Mtu anasukuma kipanya kulia kwenye skrini ya kwanza akitarajia kufika kwa mgeni, kumbe mfumo unajua kulia kuna skrini ya pili ya mwenyeji. Ikitokea skrini hiyo ya pili ni televisheni iliyozimwa lakini waya wa HDMI bado umechomekwa, kishale kinapotelea gizani na unadhani programu imekufa. Fungua mipangilio ya skrini ya mfumo uhesabu: skrini unazoziona kwenye mchoro zilingane na zilizo mezani.

Hatua ya 4: vyeti vya usimbaji

Programu hizi husimba mawasiliano, yaani huyafumba yasisomwe njiani, kwa njia iitwayo TLS (zamani SSL), na pande zote mbili lazima zikubaliane: ama zote zimewasha, ama zote zimezima. Upande mmoja ukiwa umewasha na mwingine umezima, muunganisho hufunguka na kufungwa mara tu, tena na tena, na logi hujaa maneno ya SSL.

Mwenyeji akisakinishwa upya hupata cheti kipya, na mgeni aliyekariri alama ("fingerprint") ya cheti cha zamani humkataa kama tapeli. Kwenye Barrier alama hizo ziko ndani ya faili linaloitwa `TrustedServers.txt`, kwenye folda ya SSL ya mgeni. Lifute, unganisha tena, na utaulizwa kama unamwamini mwenyeji. Linganisha alama iliyo kwenye dirisha na ile inayoonekana kwa mwenyeji kabla ya kukubali.

Barrier ya Linux ina ugonjwa wake mwingine, wa cheti kutokuwepo kabisa. Unakitengeneza mwenyewe:

```
mkdir -p ~/.local/share/barrier/SSL
cd ~/.local/share/barrier/SSL
openssl req -x509 -nodes -days 365 -subj /CN=Barrier -newkey rsa:4096 -keyout Barrier.pem -out Barrier.pem
```

Ukitaka kuzima usimbaji kwa muda ili kujua kama ndio mkosaji, zima pande zote mbili, jaribu kwa kusogeza kishale tu, na usiandike nywila yoyote mpaka uuwashe tena.

Hatua ya 5: mfumo unaokataa kwa siri

Hapa programu zote mbili zinasema zimeunganishwa, rangi ya kijani imewaka, na hakuna kinachotembea. Kila mfumo una namna yake ya kukataa.

Mac inataka ruhusa. Ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama, ufungue "Accessibility" kisha "Input Monitoring", uhakikishe programu imo na imewashwa. Mtego ni kwamba baada ya kusasisha programu, alama inaweza kuonekana imewashwa ilhali ruhusa ni ya toleo la zamani. Kuzima na kuwasha hakutoshi. Itoe kwenye orodha kwa kitufe cha kutoa, uirudishe upya, halafu ifunge na uifungue programu. Kuanzia macOS 15 kumeongezwa ruhusa nyingine ya "Local Network". Ukiikataa siku ya kwanza, mgeni wa Mac hatamfikia mwenyeji hata kidogo, na utarudi kulaumu ngome.

Mac ikiwa ndiyo mwenyeji, kuna kisa cha kipanya kufanya kazi huku kibodi ikiwa bubu upande wa pili. Programu fulani, mara nyingi ya kutunza nywila au dirisha la amri, imewasha ulinzi wa uandishi wa siri na kusahau kuuzima, na mfumo unamnyima kila mwingine kusoma vitufe. Mkamate hivi:

`ioreg -l -w 0 | grep SecureInput`

Amri hiyo itakupa namba ya programu iliyoushikilia. Itafute namba hiyo kwenye Activity Monitor na uifunge.

Windows nayo hukataa kwa ngazi. Kishale kinatembea vizuri mpaka ufungue dirisha lenye mamlaka ya msimamizi, kama Task Manager, hapo vitufe vinakataa. Au skrini inafifia ikiuliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko, na kipanya cha mbali hakiwezi kubofya jibu. Programu yenye ngazi ya chini hairuhusiwi kuigusa yenye ngazi ya juu. Dawa ni kuiendesha kama huduma ya mfumo, kwa kuichagua kwenye mipangilio yake. Ukihitaji Ctrl+Alt+Del kwa mgeni wa Windows, kubonyeza hivyo kutaishia kwa mwenyeji. Kwenye Synergy bonyeza Ctrl+Alt+Pause badala yake.

Kwenye Linux swali ni moja: mfumo unachora skrini kwa X11, ya zamani, au Wayland, mpya?

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Likijibu `x11`, hakuna shida. Likijibu `wayland`, programu za zamani kama Barrier haziwezi kunasa kishale, kwa sababu Wayland imeundwa makusudi ili programu moja isipeleleze vitufe vya nyingine. Kuna njia mbili. Ya haraka ni kutoka, na kwenye skrini ya kuingilia kuchagua kikao cha X11, kama mfumo wako bado unacho. Nyingine ni kutumia Input Leap au Deskflow mpya pamoja na eneo-kazi linalounga mkono njia rasmi ya kunasa vitufe: matoleo mapya ya GNOME, au KDE Plasma kuanzia 6.1. Utaulizwa ruhusa kwa dirisha dogo; likubali.

Herufi zisizo zenyewe na vitufe vilivyong'ang'ana

Ukibonyeza Shift na 2 ukitaka @ ukapata alama ya kunukuu, kompyuta mbili zina mipangilio tofauti ya kibodi: moja ya Marekani, nyingine ya Uingereza, ambazo zimebadilishana hizo mbili. Weka mpangilio mmoja pande zote. Ni jambo dogo mpaka siku linapokufungia nje ya akaunti kwa nywila ambayo una hakika umeiandika sawasawa.

Kingine: kila unachobofya kinafungua dirisha jipya, au kuandika "a" kunachagua maandishi yote. Ctrl imebaki imeshikwa. Ulikuwa umeibonyeza wakati kishale kinavuka, mgeni akasikia imebonyezwa na hakusikia imeachiwa. Bonyeza na kuachia Ctrl, Shift na Alt za kushoto na kulia, moja moja, kishale kikiwa kwa mgeni. Kama mgeni ni Windows, bonyeza Win+Ctrl+O ili kibodi ya skrini ijitokeze. Kitufe kilichong'ang'ana utakiona kimebadilika rangi.

Kinavuka, lakini kinasuasua

Endesha ping ndefu (`ping -t` kwenye Windows) kuelekea mwenyeji na uitazame kwa dakika mbili huku ukisogeza kipanya. Kwa kebo namba hukaa chini ya milisekunde 1 au karibu nayo. Kwa Waifai nzuri ni chache tu. Kinachoudhi mkono si wastani, ni miruko: 3, 4, 3, 180, 5, 240. Kila mruko ni pale kishale kinapoganda kisha kuruka.

Kwenye Linux zima hali ya kubana umeme ya Waifai, `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, ukibadilisha wlan0 kwa jina la kadi yako. Kwenye Windows ondoa ruhusa ya kuzima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme, kwenye sifa za kadi hiyo. Kwenye Mac jaribu kuzima AirDrop, maana hutumia redio ileile ya Waifai na huiyumbisha. Na kama kunakwama kila unaponakili picha kubwa, zima ubao wa kunakili wa pamoja. Picha hiyo inapita bomba lilelile la kishale, na kishale kinasubiri nyuma yake.

Lakini ukiniuliza mimi, nitakwambia chomeka kebo ya mtandao kati ya kompyuta hizo mbili moja kwa moja. Kadi za gigabiti hujipanga zenyewe, huhitaji kebo maalumu ya kuvukisha. Mwenyeji mpe 10.10.10.1, mgeni 10.10.10.2, kinyago ("subnet mask") 255.255.255.0, na sehemu ya lango ("gateway") iache tupu. Intaneti itaendelea kupita kwenye Waifai. Tahadhari moja: Windows haitautambua mtandao huo na itauweka kwenye Public, ngome itafunga, nawe utarudi hatua ya 2. Fungua PowerShell kama msimamizi:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private`

Kama kipanya kinasuasua hata kikiwa kwa mwenyeji, mtandao hauhusiki. Kwa kipanya kisichotumia waya, angalia kipokezi chake kimechomekwa wapi. Mwaka 2012 Intel ilichapisha waraka ukionyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya vipokezi hivi. Kitoe kando ya diski ya nje, kichomeke kwa waya wa kurefusha karibu na mkono.

Kama hutumii Synergy na ndugu zake

Mouse Without Borders, iliyomo ndani ya PowerToys ya Microsoft, ni ya Windows tu na huunganisha hadi kompyuta nne. Milango yake ni 15100 na 15101. Kosa lake la kawaida ni ufunguo wa usalama: upande mmoja ukitengeneza ufunguo mpya, wa zamani haufai tena, nakili upya. Jina la kompyuta likishindwa kupatikana, muna sehemu ya kuandika anwani ya IP kando ya jina. Faili linalozidi MB 100 halivuki, kwa hiyo usihesabu hilo kama ubovu.

Universal Control ya Apple ilikuja na macOS 12.3 na iPadOS 15.4 mwaka 2022. Inataka akaunti moja ya Apple yenye uthibitisho wa hatua mbili, Bluetooth, Waifai na Handoff zikiwa zimewashwa, vifaa viwe ndani ya mita 10, na visiwe vinagawa intaneti kwa vingine. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Swichi ya KVM, kisanduku cha kuhamisha kibodi, kipanya na skrini kutoka kompyuta moja hadi nyingine, haina programu wala mtandao, kwa hiyo magonjwa yake ni ya waya na umeme. Kibodi ikigoma na kipanya kikakubali, hamisha kibodi: swichi nyingi zina tundu maalumu la kibodi ambalo husikiliza amri ya kubadilisha (mara nyingi Scroll Lock mara mbili), na kibodi zenye taa na vitufe vya ziada hazielewani nalo. Ichomeke kwenye tundu la kawaida la USB la swichi, ubadilishe kompyuta kwa kitufe cha swichi yenyewe. Kama vifaa vinazimika na kuwaka, iongezee swichi umeme wake.

Kabla hujafunga

Ikishakubali, zima kompyuta zote mbili uziwashe, mgeni kwanza kisha mwenyeji, halafu kinyume chake. Ziache zilale uziamshe. Funga skrini ya mgeni uone kama unaweza kuandika nywila kutoka kwa mwenyeji. Programu iliyowekwa ianze baada ya mtumiaji kuingia haiwezi kukusaidia kuingia. Hapo ndipo ile huduma ya mfumo inapohitajika. Na mgeni akiwa amelala usingizi wa kweli, programu yake nayo imelala, hutamwamsha kwa kusogeza kipanya.

Kuna mahali ambapo hakuna programu itakayofika: BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), na skrini ya nywila ya diski iliyosimbwa, kwa kuwa mfumo wenyewe bado haujawaka. Kwa hiyo ile kibodi ya zamani yenye waya usiigawe. Iweke kwenye droo ya meza hiyohiyo.